Kamera kwenye basi la shule: mwongozo kamili kwa shule, wamiliki na madereva

Mtoto wa chekechea anashuka kwenye Coaster, begi mgongoni linamgonga magotini. Matroni amemshika mkono mpaka ngazi ya mwisho. Mkono unaachiwa, mtoto anapiga hatua moja, na papo hapo bodaboda inapita kati ya mlango na mtaro. Haikumgusa. Niliirudia picha hiyo mara sita Ijumaa jioni, dereva wetu akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Hakuwa na habari kwamba kitu kama hicho kilitokea Jumanne ya wiki ile. Muda ule alikuwa anatazama kioo cha kulia, kama alivyofundishwa, akisubiri nafasi ya kurudi barabarani.

Kamera tulizifunga kwa kuwaza ushahidi: siku ikitokea ajali, tujue nani mwenye kosa. Tangu Ijumaa ile nimebadili mawazo. Kamera inakuonyesha ajali ambazo bado hazijatokea, na unapata nafasi ya kuhamisha kituo, kubadili upande wa kushushia au kuomba tuta kabla mtoto hajaumia. Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata wazo hilo. Nimeuandika nikiwa Dar es Salaam, lakini sehemu kubwa inafaa popote ambapo basi la shule linachangia barabara na bodaboda, bajaji na daladala.

Elewa kwanza hatari iko wapi

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa mtoto anayepanda basi la shule, dakika za hatari zaidi ni zile chache anapokuwa nje ya basi, karibu nalo, amefichwa na bodi lake. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva wa gari hilo akichelewa sekunde moja tu kumwona mtoto aliyechomoza mbele ya basi, ameshatembea mita 14 kabla hajagusa breki.

Wamarekani wamelishughulikia hilo kwa sheria. Katika majimbo yote 50, basi la shule likiwasha taa nyekundu zinazowaka na kuzima na kufungua kibao cha STOP ubavuni, magari yanatakiwa kusimama. Hata hivyo wengi wanapita. Chama cha kitaifa cha wakurugenzi wa usafiri wa shule hufanya hesabu ya siku moja kwa kuwatumia madereva wa mabasi wenyewe, na katika miaka ya karibuni makadirio yake yamekuwa karibu mara milioni 40 au zaidi kwa mwaka wa masomo. Ndiyo sababu majimbo kadhaa, New York likiwemo tangu 2019, yameruhusu kamera kwenye mkono wa kile kibao: inapiga picha namba ya gari lililopita, na faini inakwenda kwa mwenye gari.

Huku kwetu basi la shule likisimama, magari yanaendelea kupita, na bodaboda zinapita pande zote mbili. Ukinunua mtambo wa Marekani ukitegemea faini, utakuwa umenunua pambo. Lazima tupange kamera kwa hatari zetu wenyewe.

Hatua ya 1: Pima sehemu asizoziona dereva, kwa madumu

Kabla hujaenda dukani, fanya zoezi hili. Linahitaji nusu saa, chaki, na madumu mawili ya lita 20.

Paki basi mahali pa tambarare. Dereva akae kwenye kiti chake kama anavyokaa siku zote, mkanda umefungwa, vioo vimepangwa. Pandisha dumu moja juu ya jingine. Kimo chake kitakuwa chini kidogo ya mtoto wa miaka mitatu. Sasa yazungushe: mbele ya bampa, kona ya kushoto mbele, mlangoni, tairi la nyuma kushoto, nyuma ya basi. Kila mahali dereva anaposema "siyaoni", chora alama ya chaki chini. Mwambie asiinuke wala asichungulie, maana madereva wengi wataona aibu kusema hawaoni na watanyoosha shingo.

Ukimaliza, shuka utazame chaki. Kwenye basi letu kulikuwa na alama nne mbele ya bampa, tena karibu sana, na alama nyingi ubavuni kushoto kuanzia mlangoni hadi tairi la nyuma. Dereva mwenye uzoefu wa miaka mingi aliziangalia kimya, kisha akasema, "Kumbe huku kote nilikuwa naendesha kwa kuamini." Piga picha mchoro huo. Ndio ramani yako ya kamera, na utakuokoa na muuzaji anayetaka kukufungia nane.

Baadhi ya alama zitafutika kwa kurekebisha kioo tu au kuongeza kioo cha mbinuko pale kona ya kushoto. Fanya hivyo kwanza. Kioo hakihitaji umeme.

Hatua ya 2: Chagua kamera ngapi, na zikae wapi

Kwa basi la kawaida la abiria 26 hadi 30, kamera nne zinatosha. Kama fedha ni za mbili tu, anza na hizi mbili za kwanza.

Kamera ya mlangoni. Ndiyo muhimu kuliko zote huku kwetu. Ifungwe nje, juu ya mlango, ikitazama nyuma na chini kidogo, ili ione ngazi, ardhi anayokanyaga mtoto, na njia yote ya pembeni inayokuja kutoka nyuma ya basi. Wengi huifunga ikitazama mbele au chini moja kwa moja. Hapo utaona kichwa cha mtoto vizuri, lakini bodaboda utaiona ikiwa imeshafika. Unataka kuiona ikija.

Kamera ya mbele. Ikae kwenye kioo cha mbele, ndani, mahali wipa inapopita. Inaona mtoto anayevuka mbele ya basi. Tena ina faida nyingine ambayo sikuijua mpaka nilipohitaji namba ya ile bodaboda: pikipiki ina namba nyuma tu. Kamera inayotazama nyuma inakuonyesha uso wa pikipiki usio na namba. Ikishalipita basi, namba yake inakuwa mbele ya kamera ya mbele kwa sekunde mbili tatu. Kwa hiyo kamera hizi mbili zinafanya kazi kama pacha: moja inaonyesha kosa, nyingine namba.

Ya tatu ni ya nyuma, iunganishwe na gia ya rivasi ili skrini iwake yenyewe. Ya nne ni ya ndani, juu mbele, ikitazama viti vyote. Hii ya ndani inasaidia kuona kama watoto wamekaa kabla basi halijaondoka, na kama kuna aliyesinzia kiti cha nyuma safari ilipokwisha. Lakini isiwe badala ya matroni kutembea hadi kiti cha mwisho na kugusa kila kiti kwa mkono. Mtoto aliyelala chini ya kiti haonekani kwenye kamera yoyote, na basi lililofungwa juani linamuua mtoto haraka.

Hatua ya 3: Nunua kifaa kinachofaa gari lako

Usinunue kamera nne za mtindo wa gari dogo, kila moja na kadi yake. Nunua kinasa kimoja cha magari, dukani wanakiita MDVR, kinachopokea kamera nne na kuzirekodi zote kwa kufuata saa ileile. Utashukuru siku ya kulinganisha picha za mlangoni na za mbele.

Umeme wa gari. Coaster na Rosa nyingi za dizeli zinatumia volti 24. Hiace inatumia 12. Kuna kamera na skrini zilizotengenezwa kwa volti 12 pekee, na ukizifunga kwenye 24 zinaungua siku hiyohiyo. Soma kibandiko cha kifaa: kinatakiwa kuandikwa kinapokea kuanzia 9 hadi 36, au angalau 12 hadi 24.

Giza. Watoto wa Goba, Mbezi au Chanika wanapandishwa saa 11 alfajiri. Omba kamera ijaribiwe gizani kabla ya kulipa, na usidanganyike na picha ya mchana ya dukani. Taa za infraredi za kamera zinasaidia karibu, lakini namba za magari zinarudisha mwanga na kugeuka doa jeupe. Kitu cha bei nafuu kilichotusaidia kuliko kamera ya ghali ni taa nyeupe juu ya mlango, inayowaka mlango ukifunguka. Picha inakuwa safi, mtoto anaona anapokanyaga, na mwenye bodaboda anaona kuna watu.

Nafasi ya kuhifadhi. Fanya hesabu mwenyewe. Kamera moja yenye picha nzuri, ikirekodi megabiti 4 kwa sekunde, inakula takriban gigabaiti 1.8 kwa saa. Kamera nne ni 7.2. Basi likifanya kazi saa tano kwa siku, asubuhi na jioni, ni gigabaiti 36. Kadi ya 256 itajaa baada ya siku saba hivi za kazi na kuanza kufuta za zamani. Ya 512 inakupa siku kumi na nne, yaani karibu wiki tatu za masomo. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Kadi ya kawaida ya simu inaandikwa na kufutwa kila siku mpaka inachoka, halafu inakufa kimya kimya huku taa ya kinasa ikiendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea.

Hatua ya 4: Simamia fundi, usimwachie funguo uondoke

Kinasa kina waya tatu za umeme: wa moja kwa moja kutoka betri, wa ufunguo, na hasi unaofungwa kwenye bodi. Fundi mvivu ataunganisha wa kwanza na wa pili pamoja. Kinasa kitabaki kikiwaka usiku kucha na alfajiri gari halitawaka. Kila waya wa moto uwe na fyuzi yake, karibu na betri. Waya zipite ndani ya mabomba ya plastiki, mbali na mikono ya watoto na mbali na bawaba za mlango, maana ndipo zinapokatika kwanza.

Kinasa kipangiwe kubaki hai dakika kumi baada ya gari kuzimwa, ili kirekodi ule ukaguzi wa viti. Kisanduku chake kifungwe kwa ufunguo, na ufunguo huo usikae kwenye basi.

Skrini ya dereva iwake katika hali mbili tu: mlango ukiwa wazi, na rivasi. Gari likitembea, iwe nyeusi. Skrini inayoonyesha watoto muda wote inamwondoa dereva macho barabarani, na tutakuwa tumenunua hatari tukidhani ni usalama.

Halafu saa. Vifaa vingi vinakuja vikisoma saa za China, ambazo ziko mbele yetu kwa saa tano. Tuliwahi kupeleka picha zinazoonyesha tukio la saa 12 jioni kana kwamba ni saa 5 usiku, tukaulizwa basi la shule lilikuwa linafanya nini usiku huo. Weka saa za Afrika Mashariki, UTC+3, ruhusu GPS iirekebishe, kisha linganisha na simu yako kila Jumatatu.

Kabla hujamlipa fundi, rudia zoezi la madumu. Kila alama ya chaki iliyobaki lazima ionekane kwenye skrini.

Hatua ya 5: Zungumza na watu kabla hujawasha

Dereva na matroni wakisikia "kamera" wanasikia "kufukuzwa". Waite, waonyeshe kila kamera inaona nini, na uwaambie wazi picha zitatazamwa na nani. Kama picha ya kwanza kutumika itakuwa ya kumkata dereva mshahara, usishangae waya kukatika wiki inayofuata. Mimi naanza na picha zinazomtetea dereva, na zipo nyingi.

Wazazi wapate barua, wasaini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa zinazohusu watoto zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Shule inayokusanya picha hizi inatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa wasomaji wa Kenya, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nayo inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Bandika mlangoni tangazo fupi: "Basi hili lina kamera." Zima kipaza sauti cha ndani, mazungumzo ya watoto hayamsaidii mtu kuvuka barabara.

Na nasema hili kwa mkazo: picha ya mtoto isiingie kwenye kundi la WhatsApp. Hata la wazazi. Hata kama ni kwa nia njema ya kumtafuta mwenye bodaboda. Ikishatoka, hairudi, na mtoto yule atatafutwa kwa sare yake, kituo chake na saa anayoshukia.

Hatua ya 6: Ijumaa, dakika 40

Hapa ndipo shule nyingi zinapoanguka. Kamera zinafungwa, mgeni rasmi anakata utepe, kisha hakuna anayefungua kinasa mpaka siku ya ajali.

Chagua siku moja na watu watatu: msimamizi wa usafiri, dereva wa basi husika, na matroni wake. Huwezi kutazama saa 25 za wiki, wala huna haja. Tazama sekunde za kushuka na kupanda tu. Kinasa kikiunganishwa na swichi ya mlango, kinaweka alama kila mlango unapofunguka, nawe unaruka kutoka alama hadi alama. Anza na kamera ya mlangoni. Chagua siku mbili kwa kubahatisha, na usimwambie dereva mapema ni zipi.

Weka daftari. Letu tunaliita daftari la chupuchupu. Kila tukio lina mstari: tarehe, saa, kituo, nini kilipita na upande gani, mtoto alikuwa wapi (ngazini, ardhini, mbele ya basi), na dereva alikuwa ameona au la. Swali hilo la mwisho ulizeni kwa upole, na dereva ajibu mwenyewe.

Baada ya wiki nne, hesabu kwa kituo, acha kuhesabu kwa dereva. Sisi tulikuta zaidi ya nusu ya matukio yanatoka kwenye vituo viwili kati ya kumi na tisa. Kimoja kilikuwa mbele ya kijiwe cha bodaboda. Basi likisimama, linaziba njia yao ya kutokea. Kingine kilikuwa baada tu ya kona, na magari ya nyuma yalikuwa yanalikuta basi limesimama ghafla, yanakwepea kushoto. Hakuna dereva mbaya hapo. Kuna kituo kibaya.

Hatua ya 7: Badilisha kitu

Kituo cha kona tulikisogeza mita sitini mbele, penye uwazi. Wazazi wawili walilalamika kwamba wanatembea zaidi. Tuliwaonyesha picha, ofisini, bila kuwapa nakala, na mmoja wao ndiye aliyekuja kutusaidia kuwashawishi wengine.

Kwa mtoto anayekaa upande wa pili wa barabara, geuza mzunguko wa basi ili ashushwe upande wa kwao, hata kama inaongeza dakika tano. Ikishindikana kabisa, matroni ashuke kwanza na kibao cha SIMAMA na reflekta, asimame nyuma ya basi upande wa mlango mpaka pembeni pawe salama, ndipo watoto washuke. Kuvuka ni baadaye, kwa kundi, akiwa nao.

Kijiwe cha bodaboda tulikwenda na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukiwa na picha iliyofichwa uso wa mtoto. Tulimwonyesha mwenyekiti wa kijiwe. Aliitazama mpaka mwisho, akaomba kuiona tena, kisha akawaita wenzake. Walikubaliana wenyewe: basi la njano likifungua mlango, hapiti mtu kushoto. Wanakiuka mara mojamoja, na namba zao zipo, lakini mistari kwenye daftari imepungua sana pale.

Barabara ikihitaji tuta, alama za pundamilia au njia ya waenda kwa miguu, andika barua kwa wakala wa barabara anayehusika, hapa Tanzania: TARURA kwa barabara za mitaa na wilaya, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa. Ambatanisha jedwali la daftari, tarehe na saa. Barua inayosema "barabara ni hatari" inajibiwa "tumepokea". Barua inayosema kwamba mahali hapa, ndani ya wiki nane, magari kumi na moja yalilipita basi kushoto mlango ukiwa wazi, inampa mhandisi kitu cha kwenda kukagua. Inasaidia pia kutaja kazi ya shirika la Amend, lililoanzia Dar es Salaam mpango wa SARSAI wa kurekebisha barabara karibu na shule kwa matuta, vivuko na njia za miguu. Mpango huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, kwa hiyo huombi kitu kigeni.

Hatua ya 8: Ajali ikitokea

Mtoto kwanza, kamera baadaye. Lakini kumbuka kinasa kinaendelea kuandika juu ya za zamani, kwa hiyo siku hiyohiyo msimamizi afungue kisanduku, atoe kadi na kuweka nyingine. Kadi iliyotolewa iwekwe kwenye bahasha, ifungwe, isainiwe na watu wawili, na iandikwe kwenye daftari: nani ameitoa, saa ngapi, imewekwa wapi. Nakala inakiliwa faili zima, kamera zote, kuanzia dakika tano kabla ya tukio. Usirekodi skrini kwa simu. Picha ya picha ina maswali mengi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini inaangalia jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Polisi wa usalama barabarani wakichukua kadi, wasaini kuipokea.

Matunzo ya kila siku

Kila alfajiri dereva afute kamera za nje kwa kitambaa kibichi anapokagua mafuta na matairi. Vumbi la siku mbili linatosha kuficha bodaboda. Kila Jumatatu, angalia saa. Kila mwezi, toa kadi, cheza dakika moja ya kila kamera kwenye kompyuta, hakikisha ya jana ipo. Baada ya basi kutoka gereji au kupakwa rangi, rudia madumu, maana fundi wa bodi akigusa kamera ya mlangoni, inainama kidogo tu na kuanza kutazama paa la daladala jirani. Yetu ilifanya hivyo wiki tatu kabla hatujagundua, na ile mistari ya wiki tatu kwenye daftari iko wazi mpaka leo.